Uso wa Mama Kwenye Roketi

Meneja wa kambi alitaka simba. Siku ya kwanza simba, siku ya pili twiga, siku ya tatu akaniambia nichore Mmasai amesimama kwa mguu mmoja na jua linazama nyuma yake. Nikamwambia mimi ni Mkurya, na anayesimama kwa mguu mmoja ni korongo. Akacheka, akidhani ni utani. Sikuwa natania hata kidogo.

Hiyo ilikuwa Natta, kwenye kambi ya watalii, ambako nilipata kazi ya miezi mitatu ya kuchora kuta za vyumba vya wageni. Mimi ni fundi wa mabango. Tangu usichana wangu nimeandika majina ya saluni, ya maduka ya dawa, ya bucha. Nimechora vichwa vya ng'ombe ambavyo wateja husema vinawaangalia vibaya. Ukipita Tarime mjini ukaona bango la kinyozi lenye kichwa ambacho masikio yake yamelingana, huenda ni mkono wangu huo. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kuharibu, na nimeharibu vingi.

Sasa kule kambini, kwenye stoo ya magodoro, nikakuta boksi la majarida ya zamani ya Kizungu, mchwa wameanza kuyala pembeni. Jarida la juu lilikuwa na picha ya roketi. Siyo hizi roketi za kwenye simu zinazofanana na bomba la maji. Hii ilikuwa na tumbo, ina mapezi matatu chini kama sato, imesimama juu ya mwezi wenye mashimo, na kando yake mtu amevaa kofia ya kioo, mviringo kabisa, anapunga mkono. Rangi nne tu: machungwa, bluu iliyokaribia kijani, krimu, nyeusi. Hakuna kivuli cha kubembeleza macho. Kila kitu kimekatwa wazi, pembe kali, herufi nene. Nilikaa juu ya godoro lile nikatazama mpaka nikaitwa mara mbili.

Kilichonikamata si roketi. Kilichonikamata ni kwamba waliochora picha zile walikuwa hawajafika huko. Hakuna aliyefika wakati ule. Walichora mahali ambapo hakuna mguu wa mtu, na hawakuomba ruhusa kwa yeyote, na wakaweka hata mtu anapunga mkono. Mimi maisha yangu yote naambiwa nichore kilichopo. Chora ng'ombe, yupo. Chora simba, yupo. Chora Mmasai. Nikasema moyoni, kumbe inawezekana! Nilipandwa na hasira ya furaha, kama hiyo ipo.

Nikamfuata meneja. Nikamwomba ukuta mmoja tu, ule wa chumba cha kulia.

"Mgeni hajapanda ndege mbili aje Serengeti kuona roketi," akaniambia. "Mgeni anataka Afrika."

"Na mimi ni nini?" nikamuuliza.

Akatazama saa yake. Nikamaliza simba wake, kwa sababu kazi niliyoianza siiachi njiani, nikaomba nipewe lile boksi, nikapanda pikipiki nimelipakata mapajani mpaka nyumbani.

Nyumbani ni upande wa Tarime, kijiji ambacho ukisimama kwenye mwinuko wake unaona vumbi la machimbo ya dhahabu kule Genkuru. Na kabla sijaendelea niseme jambo ambalo wageni hulishangaa. Mimi nimeolewa na mwanamke. Msianze! Si hayo mnayoyafikiria. Kwetu mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili nyumba yake isizimike, na watoto atakaozaa na mwanaume wa nje wanakuwa wa nyumba ile. Tunaiita nyumba ntobhu. Wapo wanaoitukana desturi hii na wana haki yao, maana wapo wasichana iliowaumiza. Mimi nasema yangu. Nilifika kwa mama, mjane aliyenioa, nina miaka kumi na tisa, nimemkimbia mwanaume aliyekuwa akinipiga kwa mpini wa jembe, na tangu siku ile hakuna aliyeniinulia mkono. Majirani wakinisema, mama anawaambia, "Huyu mkamwana wangu ana ulimi, lakini ulimi haujamvunja mtu mbavu."

Namwita mama. Ni mwembamba, mrefu, na masikio yake yalitobolewa na kuvutwa zamani zile mpaka ndewe zinagusa shingo. Nimezaa mabinti wawili, wote wako shule ya bweni. Mabinti, siyo mvulana. Kwa hiyo mdogo wa marehemu mume wa mama, tunayemwita baba mdogo, hajaacha kusema kwamba nyumba ile bado ni tupu na shamba lake halina mwenyewe. Analisema kwenye misiba, analisema kwenye harusi, analisema akiomba chumvi.

Siku niliyorudi na boksi nilimwonyesha mama zile picha. Alikuwa anapepeta mtama. Akafuta mikono, akalishika jarida mbali na macho.

"Hawa ndio wale wa redio?" akauliza.

Sikuelewa. Ndipo akanisimulia. Mwaka ule Wazungu walipokanyaga mwezi yeye alikuwa bibi harusi, hajamaliza hata mwaka. Redio ilikuwa moja tu, ya mwalimu. Wanaume wakakaa kuizunguka, wanawake wakaambiwa walete togwa kisha warudi jikoni. Jioni akamuuliza mumewe, redio imesema nini? Mume akamjibu: hayo si mambo ya wanawake.

"Nikakaa miaka sijui kama walirudi," mama akasema. "Nikiona mwezi umejaa nilikuwa nawahurumia. Nasema, watoto wa watu wamefia kule, mama zao hawana hata kaburi."

"Walirudi, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Basi vizuri," akasema, akachukua ungo wake akaendelea kupepeta.

Mimi sikuweza kuendelea na chochote. Zaidi ya miaka hamsini! Mtu ameweka huruma moyoni zaidi ya miaka hamsini kwa sababu mwanaume mmoja aliona uvivu wa kusema maneno mawili. Nikamwambia mama nauomba ukuta unaotazama barabara. Tulikuwa tumeusiriba kabla sijaenda kambini, sisi wawili, kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na ulikuwa umekauka vizuri, laini. Akaniambia ukuta ni wetu, tunaomba kwa nani?

Nilifanya kazi ile siku tisa. Miduara nilipiga kwa kamba na msumari: mwezi, sayari yenye pete, kofia. Mistari mirefu ya roketi nilipiga kwa uzi uliopakwa masizi, unauvuta, unauachia, unapata mstari ulionyooka kuliko maneno ya wanasiasa. Krimu niliipata kwa chokaa niliyotia udongo kidogo wa nyuma ya nyumba. Bluu na machungwa nilifuata Sirari, kwenye duka la rangi la kijana mmoja wa kutoka ng'ambo ya mpaka. Akaniuliza, "Unapaka nini, madam, kanisa ama baa?" Nikamwambia napaka mwezini. Akaniongezea kopo moja la rangi nyekundu lililokuwa limebonyea, akasema, "Chukua, hiyo iko sawa tu, ni mkebe ndio mbaya."

Kwenye kofia ya kioo nilimweka mama. Sikufikiri mara mbili. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamchora jinsi alivyo, makunyanzi yote, maana alinionya, "Usinifanye msichana, watasema umemchora mtu mwingine." Ndewe hazikuenea ndani ya kofia. Ilibidi niifute na kuipiga tena kubwa zaidi, ikawa kofia kubwa kuliko zote nilizoziona kwenye majarida. Mkono mmoja wa mama umeshika mlango wa roketi, mwingine unapunga. Mapezi ya roketi niliyapiga mapambo ya ngao zetu za zamani. Nikarudi nyuma mpaka katikati ya barabara nikatazama. Jamani. Sijawahi kujipenda kama nilivyojipenda dakika ile.

Kikabaki kitu kimoja. Roketi zote za majarida zilikuwa na herufi na namba ubavuni. Na mimi nikaweka. Nikachukua lile kopo la bure nikaandika kwa nyekundu, herufi nene: K 7. K ya Kikurya. Saba kwa sababu saba ina mkia mzuri ukiichora kwa mtindo ule wa zamani. Hakuna kingine. Naapa hakuna kingine.

Na hapo ndipo nilipokosea, kosa ambalo mchoraji wa mahali pengine popote asingeweza kulifanya.

Kwetu huku, karibu na machimbo, namba nyekundu kwenye ukuta si mapambo. Watathmini wakija kuhesabu nyumba ambazo zitahamishwa na wenyewe kulipwa fidia, wanazipiga herufi na namba kwa rangi nyekundu. Kila mtoto anajua. Na watu wakisikia tathmini inakuja, wanategesha. Kutegesha ni kusimamisha kibanda haraka haraka, miti na bati na udongo, ambacho hakuna atakayelala ndani yake, ili siku ya kuhesabiwa uwe na nyumba nne badala ya moja. Ni mtego, ndiyo maana tunasema kutegesha. Mimi nimezaliwa humu, nimeviona vibanda hivyo tangu nikiwa mdogo, na bado nikachukua rangi nyekundu nikaandika K 7 kwenye ukuta unaotazama barabara. Nilikuwa mwezini. Nilisahau niko wapi.

Asubuhi yake jirani yangu, mwanamke mjane tunayechota naye maji, akasimama mbele ya ukuta. Hakutazama roketi, hakumtazama mama. Alitazama namba.

"Wamekuja?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Haya, nifiche tu. Umeanza kufanana na wakubwa."

Nikamweleza. Nikamwambia ile ni namba ya roketi. Akanitazama kwa huruma. "Roketi ina namba ya nini, dada? Nayo inakamatwa na trafiki?"

Kesho yake nikasikia nyundo. Kesho kutwa nyundo zikawa nyingi. Kufikia mwisho wa wiki barabara yetu nzima ilikuwa imeota vibanda. Baba mdogo peke yake alisimamisha vitatu, kimoja juu ya shamba la viazi la mama bila hata kubisha hodi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikipiga kelele kwamba hakuna tathmini, ni picha, ni mchoro wangu mimi. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyoamini. Mtu mmoja aliniambia, "Kama si kweli, mbona unakasirika?" Wee! Ningemmwagia rangi. Na jirani yangu yule mjane akauza mbuzi wake wawili akanunua bati. Hilo lilinichoma na mpaka leo linanichoma. Nilimfuata, nikampigia magoti, nikamwambia usiuze. Akauza.

Baada ya wiki tatu hakuna mtathmini aliyetokea, watu wakaanza kunitazama vingine. Tukaitwa kwenye iritongo. Iritongo ni baraza la wazee wa ukoo. Lilikaa kwenye uwanja wa josho la ng'ombe. Wanawake hawaendi huko mpaka waitwe, na wakiitwa wanakaa chini na kujibu walichoulizwa. Nikasema shikamoo za kutosha kujaza debe, nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua nimekosa, kosa la namba, na nilitaka kusema mwenyewe kabla hawajasema.

"Tata," nikamwambia mzee aliyeongoza, "namba ile iliwadanganya watu, ingawa sikukusudia. Nitaifuta leo hii. Na jirani yangu nitamfanyia kazi shambani msimu mzima kwa ajili ya mbuzi wake."

Wazee wakatazamana. Halafu baba mdogo akasimama na fimbo yake.

"Namba ya nini?" akasema. "Nani amelalamikia namba? Namba iache."

Nilidhani sikusikia vizuri. Wazee wengine wanatikisa vichwa kukubali, namba iache, namba haina shida. Ndipo nikaelewa. Walikuwa wamejenga. Bati zimeshapigwa misumari. Namba ikifutwa, wamejenga bure. Namba ikibaki, labda siku moja mtathmini atapita, ataiona, atasema kumbe hapa tuliwahi kufika. Ebo! Nilimeza kicheko mpaka kikaniuma kifuani.

"Shida yetu," akaendelea baba mdogo, "ni yule aliyemo ndani. Nyumba ile ni ya kaka yangu, marehemu. Mtu akipita barabarani anauliza, huyu kwenye chombo ni nani? Anaambiwa ni mke wake. Mwanamke! Amevaa kofia, amesimama mbele ya nyumba ya mwanaume anapungia watu. Kesho akija wa kuhesabu nyumba atamwandika nani? Afutwe. Awekwe kaka yangu."

Wakakubaliana palepale, mama akiwa ameketi kando yangu, hawajamuuliza hata neno moja. Mzee aliyeongoza akasoma hukumu kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi. Mpaka siku ya mnada sura iwe imebadilishwa. Isipobadilishwa, nyumba itatengwa. Hakuna atakayeomba moto kwetu wala kutugawia moto. Hakuna atakayetusalimia kisimani. Halafu akamgeukia mama, akasema: "Na wewe, mke wa ndugu yetu, umri umekwenda. Ukifa, hakuna mtu wa ukoo huu atakayekuja kukuzika. Fikiri."

Njia nzima nilisema vya wote wawili. Nilitukana mawe, nilitukana josho, nilimtukana baba mdogo na vibanda vyake vitatu. Nilisema nitamchora mama kwenye kila ukuta kuanzia hapa mpaka Itiryo. Nitamchora kwenye bucha. Nitamchora kwenye mlango wa ofisi. Mama akaniambia tembea polepole, magoti yake yanauma.

Lakini nyumbani, nilipokwisha kunyamaza, ile hukumu ikaanza kunitafuna. Mimi bado nina nguvu, nina mabinti, nikitengwa nitahamia mjini nikachore vinyozi. Mama je? Msiojua kwetu hamwelewi. Kuzikwa bila watu ni kutupwa. Mtu akifa kwetu wanakuja hata maadui zake, wanalia kwa sauti, wanaulizana alikuwa mtu gani, wanachimba kwa zamu. Nilimfikiria mama amelala kwenye mkeka, hakuna hata mtu mmoja uani. Na sababu ni mchoro. Ni mimi na kofia yangu ya kioo. Siku tatu nilibishana na nafsi yangu, na kila nilipotaka kusema liwalo na liwe, nilimwona mama akichechemea kwenda zizini, nikashindwa.

Siku moja kabla ya mnada, asubuhi, nikachanganya udongo na samadi kwenye beseni. Nikasogea ukutani. Nikaanza kutafuta pa kuanzia, sikioni au kidevuni. Nilikuwa nalia, si machozi ya huruma, machozi ya hasira ya mtu aliyeshindwa.

"Unafanya nini?" mama akauliza nyuma yangu.

"Namweka mzee."

"Mzee gani?"

"Mumeo. Nataka uzikwe na watu, mama."

Akaja mpaka pale. Akautazama ukuta kwa muda, kwanza uso wake, kisha roketi, kisha namba. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuitazama ile namba. Akanyoosha mkono akachota udongo kwenye beseni langu, tonge kubwa, akalibandika juu ya K. Akalisambaza kwa kiganja, taratibu, kama tulivyosiriba ukuta wote. Akachota jingine, akaifunika saba pamoja na mkia wake wote mzuri.

"Kilichowadanganya watu ni hiki," akasema. "Mimi sijamdanganya mtu."

Akanawa mikono. Nikamuuliza, na kesho? Akasema kesho ni siku ya mnada, tupeleke yule ndama dume au tumwache anenepe? Hivyo ndivyo mama alivyo. Nilicheka na kamasi zinanitoka.

Walikuja mapema, kabla ya kwenda mnadani. Wazee watano na baba mdogo mbele, na nyuma yao barabara nzima, wenye vibanda. Walipofika mbele ya ukuta ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia, kama ya watu walioona ng'ombe anatumbukia kisimani. Hawakuwa wanamtazama mama. Walikuwa wanatazama kiraka kile cha udongo, bado kibichi.

"Namba iko wapi?" mtu mmoja akapiga kelele. "Wamefuta namba!"

Jirani yangu mjane akashika kichwa kwa mikono miwili. Akanitukana, matusi mazito, mpaka ya marehemu wazazi wangu, na nikayapokea yote, maana kwake yeye nilikuwa na deni. Nikamwambia kesho asubuhi nitakuwa shambani kwake. Akanitemea mate miguuni. Kesho yake nilikwenda, na jembe la pili alikuwa amelishika yeye, lakini hilo ni jambo letu mimi na yeye.

Baba mdogo alikuwa amevimba. Akaielekeza fimbo kwenye kiraka. "Nani amefanya hivi?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, anachambua mchicha. Hakusimama. "Mimi," akasema.

"Na ulichoambiwa kufuta hukufuta!"

"Nimefuta uongo. Huo ndio uliokuwa unaharibu ukuta."

Watu wakaguna. Baba mdogo akaugeukia ule umati, akaigeukia picha, akamgeukia mama, na fimbo inapepea hewani kila upande. Akasema nyumba ni ya kaka yake. Akasema ukuta ni wa kaka yake. Mama akamwacha aseme mpaka akaishiwa, kisha akamuuliza kwa utaratibu kabisa: "Aliusiriba lini?"

Mzee mmoja wa nyuma akakohoa ili asicheke, na mkewe, ambaye hakupaswa hata kuwa pale, akacheka kwa niaba yake. Nilitaka kuruka juu. Nilijizuia, nikashika nguzo ya kibaraza.

Basi mzee aliyeongoza iritongo akasogea mbele. Hakuwa mtu mbaya. Nilimwona anavyoutazama uso ule ndani ya kofia, na uso ule mwingine mlangoni, anazilinganisha, na nadhani aliona kwamba nimepatia. Lakini neno la baraza lilikuwa limekwishatoka, na neno kwetu halirudi kinywani.

"Mama," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa baraza kumwita hivyo, "unajua tulichosema. Kuanzia leo nyumba hii imetengwa. Siku utakayokufa hakuna mwanaume wa ukoo huu atakayeshika jembe kwa ajili yako. Nani atakuzika?"

Mama akaweka mchicha chini. Akajipangusa majani magotini, moja moja, watu wote wakisubiri. Halafu akainua kichwa akawatazama, ndewe zake ndefu zikicheza shingoni, na akasema kwa Kiswahili, ili hata wapita njia wa mnadani wasikie:

"Mimi nimeoa. Mke wangu anajua kulima."

Nikaingia ndani, nikalitoa jembe, nikaliegemeza ukutani mahali ambapo kila mtu angeliona.